Laptopu Imeamka, Wi-Fi Bado Imelala

Umefunga laptopu ukaenda kula. Umerudi, umeifungua, skrini imewaka na kazi yako iko palepale ulipoiacha. Kasoro ni moja tu: ile alama ya Wi-Fi kwenye kona imepotea, au ipo lakini inazunguka na kuzunguka kama matatu inayotafuta abiria Jumapili asubuhi. Rauta inawaka taa zote. Simu yako imeshika mtandao bila shida. Ni laptopu tu. Ukiizima na kuiwasha upya, Wi-Fi inarudi. Ukiilaza tena, inapotea tena.

Kama unatumia Linux, iwe ni Ubuntu, Mint au Fedora, huenda unaijua hadithi hii, na huenda pia unalijua jibu la kila mtu: zima, washa, endelea na maisha. Jibu hilo linafanya kazi, hakuna ubishi. Lakini linaacha swali kubwa bila kuguswa. Mbona ni Wi-Fi, si kibodi? Na mbona ni baada ya kulala, si wakati mwingine?

Swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka thelathini, na haianzi na Wi-Fi. Inaanza na kikao ambacho Linux haikualikwa. Wazee walishasema: asiyekuwepo na lake halipo.

Usingizi ni mkataba

Kompyuta za zamani zilijua hali mbili tu, kuwaka na kuzima. Usingizi uliletwa na betri. Mtu anapobeba mashine kwenye begi, kila dakika inayowaka bure ni chaji inayokwenda, na hataki kuanza kazi upya kila anapofunga kifuniko.

Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu ulioitwa APM. Katika APM, aliyeamua mashine ilale lini na vipi alikuwa BIOS, yaani ile programu ndogo ambayo kiwanda huiweka ndani ya mashine na ambayo huamka kabla ya kitu kingine chochote. Shida ilijitokeza mapema. BIOS hakujua wewe unafanya nini. Windows, au mfumo mwingine wowote, haukujua BIOS anafanya nini. Ilikuwa kama nyumba yenye wenye nyumba wawili, kila mmoja ana ufunguo wake wa kuzima stima na hawasemezani.

Desemba 1996 kampuni tatu, Intel, Microsoft na Toshiba, zilileta utaratibu mpya: ACPI. Huo ndio ungali unatawala laptopu nyingi leo. Wazo lake lilikuwa zuri. Madaraka yatoke kwa BIOS yaende kwa mfumo endeshi, maana ndio unaojua mtumiaji anafanya nini. Kazi ya kiwanda ibaki kuieleza mashine: iandike majedwali, kwa lugha maalum, yanayosema betri iko wapi, kifuniko kikifungwa ishara ipi inatoka, kifaa fulani kinakatiwa umeme vipi na kurudishiwa vipi. Mfumo endeshi usome majedwali hayo na kuyatekeleza hatua kwa hatua.

ACPI ilizipa hali za usingizi majina makavu. S0 ni macho. S5 ni kuzima kabisa. S4 ni kulala fofofo: kila kitu kinaandikwa kwenye diski, kisha umeme unakatwa. Katikati kuna S3, usingizi ambao wengi wetu tumeuzoea. Katika S3 kumbukumbu ya RAM inabaki na umeme kidogo ili isisahau ulichokuwa unafanya, na karibu kila kitu kingine kinazimwa, kuanzia prosesa na skrini hadi kadi ya Wi-Fi.

Kwa hivyo mashine inapolala haitimizi amri moja. Inatimiza mkataba wenye pande tatu. Kiwanda kimeahidi kwamba majedwali yake ni ya kweli. Mfumo endeshi umeahidi kuyafuata. Na kila kifaa, kupitia draiva yake (si dereva wa matatu, ni programu inayoongea na kifaa kwa niaba ya mfumo), kimeahidi kukumbuka kilipokuwa na kurudi hapo kikiitwa.

Mkataba ulikuwa wazi kwa wote kuusoma. Hapo Linux haikunyimwa kitu. Tatizo lilikuwa kwenye majaribio. Kiwanda kinachotengeneza laptopu ya kuuzwa na Windows hujaribu majedwali yake kwa Windows. Kukiwa na kosa ambalo Windows inalivumilia, kosa linabaki, mashine inafungwa kwenye boksi na kupandishwa meli. Kwenye karatasi sheria ilikuwa ACPI. Sokoni, sheria ilikuwa "inafanya kazi kwenye Windows".

Na kulikuwa na siasa. Januari 1999 Bill Gates aliandika barua pepe kwa wenzake ndani ya Microsoft kuhusu ACPI. Barua hiyo ilikuja kuonekana hadharani kama ushahidi katika kesi ya Comes dhidi ya Microsoft huko Iowa, Marekani. Humo Gates alilalamika kwamba ingekuwa haki kidogo sana wao wafanye kazi yote na wenzao kisha Linux inufaike bila jasho, na akauliza kama kuna namna ya kuzifanya nyongeza za ACPI ziifae Windows kuliko mifumo mingine. Barua moja haithibitishi kwamba jambo lilitendwa. Lakini inatuonyesha kwamba usingizi wa laptopu, kitu kidogo hivi, ulikuwa tayari ni uwanja wa ushindani.

Linux ilijibu kwa ujanja wa mtoto wa mtaa. Majedwali ya ACPI yanaweza kuuliza: wewe ni mfumo gani? Linux ilipojibu kwa jina lake, mara nyingi iliangukia njia ambayo hakuna aliyeijaribu kiwandani. Basi kuanzia mwaka 2007 kerneli, yaani kiini chenyewe cha Linux, iliacha kujitambulisha kama Linux. Ukiiuliza kama ni Windows ya mwaka fulani, inasema ndiyo. Ukiiuliza kama ni Linux, inakaa kimya. Hadi leo laptopu yako ya Ubuntu inapoongea na majedwali ya kiwanda, inavaa koti la Windows ili ihudumiwe kama wateja wengine.

Kadi yenye akili zake

Sasa tuje kwa Wi-Fi. Wazo la kompyuta kuongea kwa redio ni la zamani kuliko wengi tunavyofikiri. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kutumia ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha kompyuta katika visiwa tofauti. Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu masafa fulani ya redio yatumiwe bila leseni, na hapo mlango ukafunguka. Kiwango cha kwanza cha 802.11 kilipitishwa mwaka 1997. Mwaka 1999 Apple ilianza kuuza iBook yenye nafasi ya kadi ya AirPort, na jina Wi-Fi lenyewe likaingia sokoni. Machi 2003 Intel ilitoa Centrino, ikiuza prosesa na Wi-Fi kama kifurushi kimoja, na baada ya hapo laptopu bila Wi-Fi ikaanza kuonekana kama simu bila kamera.

Jambo la kushika hapa ni hili: kadi ya Wi-Fi si waya mrefu usioonekana. Ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta yako. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake na programu yake inayoitwa femuwea. Kadi nyingi hazihifadhi femuwea hiyo ndani. Kila zinapopata umeme, zinaamka zikiwa hazijui lolote, zinasubiri draiva iwapelekee femuwea kutoka kwenye diski. Kibodi haina mambo hayo. Ndiyo maana kibodi inaamka na wewe papo hapo na Wi-Fi inabaki nyuma.

Na femuwea hiyo ni siri ya kampuni. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni biashara: hakuna anayetaka mshindani asome kazi yake. Ya pili ni sheria ya redio: kampuni zilihofia kwamba mtu akiweza kubadilisha kila kitu, atapeperusha mawimbi kwa masafa au nguvu zisizoruhusiwa, na serikali itaiuliza kampuni. Sababu ya pili haikuwa upuuzi. Lakini kwa watu wa Linux matokeo yalikuwa yale yale. Kadi zilikuwa sokoni na maelezo ya kuziongoza hayakuwepo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakajitafutia njia. Njia moja iliitwa ndiswrapper: unachukua draiva ya Windows, unaifunga ndani ya Linux, unaidanganya kwamba iko nyumbani. Ilifanya kazi, wakati mwingine. Ikikwama, hakuna aliyeweza kuifungua na kuona ndani.

Njia nyingine ilikuwa ngumu zaidi na ya heshima zaidi. Chipu za Broadcom zilikuwa kila mahali, na kampuni haikutoa maelezo. Kundi moja la watu likaichunguza draiva iliyopo na kuandika kwa maneno jinsi chipu inavyofanya kazi. Kundi lingine, ambalo halikugusa draiva ile, likaandika mpya kwa kusoma maelezo hayo tu, ili asije mtu akasema wameiba. Matunda ya kazi hiyo yaliingia kwenye kerneli mwaka 2006. Kwa chipu za Atheros, draiva ya kwanza ya Linux ilikuwa na kipande kilichofungwa ambacho watumiaji hawakuweza kukisoma. Watu wa OpenBSD wakakifumbua, kazi yao ikaingia Linux mapema mwaka 2008, na miezi michache baadaye Atheros yenyewe ikatoa draiva ya wazi kwa chipu zake mpya. Broadcom ilifuata Septemba 2010. Intel ilikuwa imeanza mradi wa draiva za wazi mapema zaidi, ingawa femuwea yenyewe ilibaki imefungwa.

Ukitazama miaka hiyo utaona kwa nini kuamka kulibaki nyuma. Anayechunguza kadi bila maelezo huanza na kinachoonekana: iwake, ione mitandao, iunganishwe, itume data. Akifika hapo watu wanashangilia. Namna ya kuifufua kadi iliyokatiwa umeme katikati ya kazi ni jambo la mwisho kabisa, na ndilo lisiloonekana hadi siku mtu wa kawaida, asiyejua lolote, afunge kifuniko.

Sekunde mbili za kuamka

Hebu tuzipunguze mwendo sekunde zile mbili baada ya kufungua laptopu.

Kwanza prosesa inaamka na kukabidhi usukani kwa kerneli. Kerneli inaanza kuviita vifaa kwa zamu, kama mwalimu na daftari la mahudhurio. Njia za umeme zinafunguliwa kwa kufuata majedwali ya kiwanda. Kama jedwali lina kosa, kadi haipati umeme vizuri na haiitiki jina lake. Kwa macho ya Linux, kadi hiyo haipo. Imeng'olewa.

Ikiwa imeitika, draiva inairudishia femuwea. Hapa palikuwa na fumbo la kuku na yai: femuwea iko kwenye diski, na diski nayo ndiyo inaamka. Watengenezaji wa kerneli walilitatua kwa kuweka nakala ya femuwea kwenye kumbukumbu kabla ya kulala, kama mtu anayejiwekea maji kando ya kitanda. Femuwea ikifika, kadi inaanza kufikiri. Isipoanza kwa wakati uliowekwa, draiva inakata tamaa na kuandika lawama kwenye kumbukumbu za mfumo.

Halafu redio inawashwa na mitandao inatafutwa. Nenosiri linathibitishwa na rauta kwa kubadilishana ujumbe mara nne. Mwisho laptopu inaiomba rauta anwani. Kazi hizo za mwisho mara nyingi husimamiwa na NetworkManager, programu iliyoanzishwa na Red Hat mwaka 2004. Nayo ina nafasi yake ya kukosea: inaweza kuamka ikidhani bado imeunganishwa na rauta uliyoiacha nyumbani, nawe uko Kahawa House.

Kwa hivyo "Wi-Fi imekataa" si ugonjwa mmoja. Kuna milango mitano au sita kwa mpangilio, na mtu yeyote kati ya wale wa kwenye mkataba anaweza kuwa ndiye aliyefunga wake.

Usingizi wa kisasa

Mambo yalikuwa yameanza kutulia. Kufikia miaka ya 2010 laptopu nyingi za kawaida zililala kwa S3 na kuamka vizuri chini ya Linux, matunda ya miaka ya watu kuripoti hitilafu na wengine kuzirekebisha. Kisha meza ikahamishwa.

Mwaka 2012, na Windows 8, Microsoft ilileta usingizi wa aina nyingine, ambao baadaye uliitwa Modern Standby. Wazo lilitoka kwa simu: laptopu isilale hasa, isinzie tu, iendelee kupokea barua pepe na kuamka mara moja. Katika usingizi huu mashine inabaki S0, na kila kifaa chenyewe kinatakiwa kijishushe hadi kiasi kidogo kabisa cha umeme. Linux iliongeza usingizi wake wa namna hiyo mwaka 2013, nao siku hizi unaitwa s2idle.

Ubaya ni kwamba viwanda vingi vilianza kuiondoa S3 kabisa kwenye mashine mpya. Chini ya S3, kadi ya Wi-Fi ilizimwa na kuwashwa upya: mwanzo safi. Chini ya s2idle inatakiwa isinzie kwa adabu, na kadi isiyo na adabu hubaki katika hali ya katikati, si macho si usingizi. Ikiamka imechanganyikiwa. Au haisinzii kabisa, na unaitoa laptopu kwenye begi ikiwa moto kama chapati.

Kelele zilipigwa. Mwaka 2018 ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha sita ilikuja bila S3. Wateja wa Linux wakalalamika, na Lenovo ikaongeza kwenye BIOS chaguo la aina ya usingizi lenye majina mawili: moja Windows 10, lingine Linux. Ni kijisehemu kidogo ndani ya menyu ambayo watu wengi hawaifungui maishani. Lakini soma tena. Baada ya zaidi ya miaka kumi ya kuvaa koti la mwenzake, kuna mahali palipoandikwa jina lake.

Linux iliyo mfukoni

Sasa kuna anayesema: basi Linux ndiyo mbovu, mbona mnajisumbua? Mwambie atoe simu yake.

Kama ni Android, kerneli iliyo ndani ni Linux. Simu hiyo inalala na kuamka mara nyingi sana kwa siku. Inalala skrini ikizimwa, inaamka meseji ya M-Pesa ikiingia, inalala tena. Wi-Fi yake hairudi kwa maombi.

Hilo nalo halikuja bure. Google ilipoleta mbinu zake za usingizi kwa watengenezaji wa kerneli mwaka 2009, zilizuka hoja kali zilizodumu miezi na miezi. Mapema mwaka 2010 msimbo wa Android uliondolewa kwenye kerneli kuu kwa kukosa mtu wa kuuhudumia ndani yake, na ulirudi mwaka 2012 baada ya pande mbili kusikilizana. Lakini tofauti kubwa na laptopu ni nani amekaa mezani. Anayetengeneza simu ya Android hupewa na mwenye chipu draiva na femuwea za mashine ileile, na huijaribu kwa Linux kabla haijauzwa, kwa sababu hakuna mfumo mwingine wa kuijaribia. Kerneli ni ileile, redio ni za aina ileile. Kilichobadilika ni mwaliko tu.

Kwa hiyo laptopu yako ikiamka bila Wi-Fi, usiseme tu kwamba Linux haiwezi kulala. Inaweza, na inalala mfukoni mwako. Inachokosa ni mtu wa kiwandani aliyeijaribu kabla ya mashine kutoka.

Kwa nini hili ni letu

Linux ilifika kwa vijana wengi wa Afrika kwa njia ya posta. Ubuntu ilitolewa Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na hadi 2011 ungeweza kuagiza CD na kuletewa bila kulipa senti. Kwa mtu ambaye mtandao wake ulikuwa wa saiba na unalipiwa kwa dakika, hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka 2009 nyaya za baharini za Seacom na TEAMS zilifika Mombasa, na Wi-Fi ikaanza polepole kuwa kitu cha nyumbani, si cha hoteli tu.

Laptopu zenyewe wengi tunazijua: ni ex-UK. Unashuka Moi Avenue au Luthuli, unapanda ngazi, unakuta ThinkPad, EliteBook na Latitude zimepangwa kama maandazi. Zilitumika ofisi fulani ng'ambo miaka michache, sasa zimekuja kuanza maisha ya pili. Na maisha hayo ya pili yamepata tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na mashine nyingi za kabla ya 2018 haziruhusiwi rasmi kupokea Windows 11. Prosesa nzima, RAM ya kutosha, lakini mwenye mkataba amesema basi. Kwa mwanafunzi aliyelipia mashine hiyo kwa jasho, Linux si suala la ubingwa wa kompyuta. Ni njia mojawapo ya kubaki na kifaa kilicho salama bila kununua kingine.

Kuna habari njema humo. Laptopu ya 2015 mara nyingi inalala vizuri chini ya Linux kuliko ya 2023, kwa sababu bado ina S3 na kwa sababu watu wamekuwa na miaka ya kuzinyoosha draiva zake. Ila zingatia kadi. ThinkPad nyingi za zamani zina orodha ndani ya BIOS ya kadi za Wi-Fi zinazokubalika. Fundi akikuwekea kadi nzuri ambayo haimo, mashine inaonyesha kosa namba 1802 na kukataa kuwaka. Mashine ni yako, risiti unayo, lakini ruhusa ya kadi iliandikwa na kiwanda kabla hujaiona.

Kusoma dalili

Basi ukikutwa na ule mkasa, usiizime mara moja. Fungua tamino, na ushuke mlango kwa mlango.

Andika `lspci -nnk`. Kama kadi ya Wi-Fi haimo kwenye orodha baada ya kuamka na ilikuwemo kabla, kosa liko kwenye njia ya umeme au majedwali: ni deni la 1996. Sasisha BIOS, na utazame kama ina chaguo la aina ya usingizi. Kisha andika `cat /sys/power/mem_sleep`. Ukiona maneno mawili na mabano yamezunguka `s2idle`, jaribu kuhamia `deep`, ambayo ni ile S3. Ukiona `s2idle` peke yake, mashine yako haitoi S3 kwa sasa.

Kama kadi imo, andika `rfkill list`. Huenda kitufe cha ndege ndicho kilichofunga redio, na umekuwa ukilaumu watu bure.

Kama redio iko wazi, andika `sudo dmesg` na usome mistari ya mwisho. Ukiona femuwea inalalamikiwa au muda umeisha, hapo ni kwa draiva. Iondoe na kuirudisha. Kwa kadi nyingi za Intel ni `sudo modprobe -r iwlmvm iwlwifi`, halafu `sudo modprobe iwlwifi`. Kwa kadi nyingine, jina la draiva utalikuta kwenye ile orodha ya `lspci`. Wi-Fi ikirudi, umethibitisha mhusika, na unaweza kuweka skripti ndogo ndani ya `/usr/lib/systemd/system-sleep/` iitoe draiva kabla ya kulala na kuirudisha baada ya kuamka. Kwa baadhi ya kadi za Realtek zinazotumia rtw88, dawa huwa ni kuizuia njia ya kadi isijipunguzie umeme: `options rtw88_pci disable_aspm=1` kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`.

Kama draiva ni nzima na mitandao inaonekana lakini haushiki, `sudo systemctl restart NetworkManager` mara nyingi inatosha. Na kama inashika kisha inakatika-katika, tafuta ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d/` mstari wa `wifi.powersave`, ubadilishe 3 iwe 2, uache kadi isisinzie ukiwa kazini.

Hakuna hata amri moja kati ya hizi iliyotoka mbinguni. Kila moja ipo kwa sababu kuna mtu, mara nyingi bila malipo, aliyekaa na mashine iliyokataa kuamka na kuandika alichoona. Hata Debian, watu wenye msimamo mkali kuhusu programu huria, walipiga kura mwaka 2022 kukubali femuwea zilizofungwa ziwemo kwenye kisakinishi chao, na mwaka 2023 toleo la 12 likatoka nazo. Walikubali uchungu huo ili mgeni asikwame mlangoni bila Wi-Fi.

Kwa hiyo ukimaliza kurekebisha, fanya jambo moja zaidi. Andika ripoti: aina ya laptopu, jina la kadi, toleo la kerneli, mistari ile ya `dmesg`. Ipeleke kwa mradi unaohusika. Draiva zilizopo leo ziliandikwa na watu walioona mashine zilizokuwa mbele yao, na mashine zilizo mbele yetu huku, za maisha ya pili, zenye kadi iliyobadilishwa na fundi wa ghorofani, haziko mbele ya watu wengi wale. Tusipoziandika sisi, hakuna atakayejua zipo.